Takia la Kijani Chini ya Batian: Mmea Mdogo wa Mlima Kenya na Somo Lake kwa Bustani za Meru na Embu

Sifa za Mlima Kenya kwa kawaida huanzia kwenye vitu vikubwa: kilele cha Batian kinachofikia mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, senesio kubwa zinazosimama mabondeni zikiwa zimejifunika majani yake makavu, na lobelia ambazo mashina yake ya maua huzidi kimo cha mtu mzima. Wapandaji wanaoingia kwa lango la Sirimon katika Kaunti ya Meru, pamoja na wale wanaopitia Chogoria katika Kaunti jirani ya Tharaka-Nithi, hupiga picha za majitu hayo na kurudi nyumbani wakiamini kwamba wameuona uoto wa mlima. Hata hivyo, juu ya mita 4,000, ambako miti ya msituni imekwisha kuachwa nyuma na udongo huganda karibu kila usiku, ipo mimea mingine isiyofika kimo cha kidole, ambayo baadhi yake imejikusanya ikawa vifundo vigumu vya mviringo, vilivyobanana mfano wa takia lililowekwa juu ya changarawe.

Wataalamu wa mimea huiweka mimea hiyo katika kundi linaloweza kuitwa mimea ya takia. Ni mimea ambayo matawi yake mafupi hukua kwa kasi moja kuelekea pande zote, yakabanana hadi uso wa juu ukawa laini kama uliokatwa kwa mkasi, huku majani ya zamani yakifia ndani na kubaki humo humo bila kudondoka. Wapenzi wa bustani za mawe, yaani bustani zinazojengwa kwa miamba na kokoto ili kuiga mazingira ya milimani, huithamini mimea ya namna hii kuliko mingine yote, na kwa zaidi ya karne moja wamekuwa wakiisafirisha kutoka vilele mbalimbali vya dunia hadi bustani zao. Mlima Kenya unayo mifano yake yenyewe, nayo inafundisha jambo ambalo kila mwenye bustani katika nyanda za Meru na Embu anapaswa kulijua: takia ni mmea unaoishi kwa kutunza kila kilicho chake, na kwa sababu hiyo hauhamishiki kwa urahisi; kinachoweza kuhamishwa ni maarifa yake.

Sagina na majirani zake

Mfano ulio wazi zaidi ni Sagina afroalpina, mmea mdogo wa familia moja na karnesheni zinazolimwa kwa ajili ya soko la maua. Jina lake la kisayansi lilitolewa na Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, ambaye mwaka 1948 alizuru milima mirefu ya Afrika Mashariki na baadaye akaitolea maandishi ambayo hadi leo ndiyo msingi wa elimu ya uoto wa vilele hivyo. Sagina humea kwenye changarawe yenye unyevu, kando ya vijito na katika nyufa za miamba. Majani yake ni membamba kama uzi, yana urefu wa milimita chache tu, na hukaa mawilimawili yakitazamana kwenye vijitawi vilivyosongamana kiasi kwamba jicho halioni shina lolote. Maua yake ni madogo mno, nayo hukaa karibu na uso wa takia bila kuinuka, hivi kwamba mtu asiyeinama hawezi kuyaona.

Takia kama hilo likitazamwa kwa upande, pale lilipokatika au lilipomomonyoka, muundo wake hujifichua. Kwa juu lipo tabaka jembamba la kijani, ambalo peke yake ndilo linalofanya usanidinuru, yaani kazi ya kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga wa jua. Chini yake lipo tabaka nene zaidi la majani yaliyokufa, ya rangi ya kahawia, ambayo bado yameshikamana na vijitawi vyake. Chini zaidi majani hayo yamekwisha kuoza na kuwa mboji laini iliyochanganyika na vumbi la mawe lililoletwa na upepo, na ndani ya mboji hiyo vijitawi vya juu hutoa vijizizi vya kunyonya chakula kilichoachwa na majani yaliyotangulia. Mmea huu, kwa maneno mengine, hujitengenezea udongo mahali ambapo udongo haupo, kisha hujilisha kwa mabaki yake wenyewe.

Sagina haiko peke yake. Karibu nayo huota Haplosciadium abyssinicum, mmea wa familia ya karoti na dania ambao umeachana kabisa na shina na kutandaza majani yake chini. Upo pia Ranunculus oreophytus wenye maua ya manjano, na Haplocarpha rueppellii, ambayo majani yake hujipanga duara ardhini huku ua moja moja la manjano likikaa katikati. Mimea hii mitatu si ya takia kwa maana kamili, kwani majani yake hujipanga duara bila kujenga kifundo, lakini imefuata kanuni ile ile ya kutoinuka juu ya ardhi.

Kiangazi mchana, kipupwe usiku

Sababu ya umbo hili hupatikana katika hali ya hewa isiyo na mfano katika nchi za baridi. Mlima Kenya uko kwenye Ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na majira yanayotenganisha joto na baridi hayapo kama yalivyo Ulaya. Badala yake, tofauti ambayo Ulaya hutokea kati ya Julai na Januari hutokea mlimani kati ya adhuhuri na alfajiri. Hedberg aliieleza hali hiyo kwa kusema kwamba huko juu kiangazi huja kila siku na kipupwe huja kila usiku, na maelezo hayo yamerudiwa na karibu kila aliyeandika juu ya milima hii baada yake.

Mchana, hewa ikiwa nyepesi, jua huchoma kwa ukali, kwa kuwa katika mwinuko wa mita 4,200 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 60 tu ya ule wa pwani. Usiku, anga likiwa wazi, joto hutoroka upesi na maji yaliyo ndani ya udongo huganda. Yanapoganda hutoa sindano nyembamba za barafu zinazosimama wima na kuinua tabaka la juu la udongo pamoja na kokoto zake. Jua linapochomoza, sindano hizo huyeyuka na udongo ulioinuliwa huanguka, mara nyingi ukiwa umesogea kidogo kufuata mteremko. Mche uliochipua jana huweza kung'olewa leo bila kuguswa na mnyama wala mtu, kwa sababu mizizi yake imekatwa na ardhi yenyewe. Uwanda unaoonekana mtupu huko juu haukukosa mbegu, bali umekosa utulivu.

Takia hulijibu tatizo hilo kwa njia kadhaa kwa pamoja. Kwa kuwa limelala chini, halikabili upepo mkali unaopita juu yake. Kwa kuwa limebanana, hewa iliyomo ndani haisogei, na joto lililopokewa mchana hukawia kuondoka. Vipimo vilivyofanywa katika milima mbalimbali ya dunia vimeonyesha kwamba jua likiwaka, ndani ya takia panaweza kuwa na joto linalozidi lile la hewa kwa nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi. Mboji yake hunywa maji ya mvua na ya theluji iliyoyeyuka, kisha huyatoa polepole. Udongo uliofunikwa hivyo hauingiliwi na baridi kwa urahisi kama ule ulio wazi. Mara nyingi mbegu za mimea mingine zikitua juu ya takia huota humo na kusalimika, ilhali zile zilizotua kwenye changarawe zimepotea. Mmea mmoja mdogo kwa hiyo huwa kitalu cha wengine.

Nguvu ya umbo hili huonekana hata kwa mimea isiyo na mizizi. Katika mabonde ya juu ya Mlima Kenya ipo kuvumwani ya jenasi ya Grimmia, yaani mimea midogo isiyo na maua wala mizizi ya kweli, ambayo haikushikamana na chochote. Sindano za barafu huiinua na kuigeuza usiku baada ya usiku, na kwa kuwa kila upande hupata zamu yake ya kutazama jua, kuvumwani hiyo hukua pande zote ikawa tufe kamili la kijani linaloweza kufunikwa na kiganja. Yale yale yanayoua miche ya mimea mingine ndiyo yanayolipa tufe hilo umbo lake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1964, Hedberg aliigawa mimea ya ukanda huu katika maumbo makuu matano: majitu yenye majani yaliyojipanga duara kileleni mwa shina, nyasi za mafungu, mimea isiyo na shina, mimea ya takia, na vichaka vya majani magumu. Ni dhahiri kwamba katika vilele vya Afrika takia si umbo lililoenea zaidi. Nafasi kubwa imechukuliwa na majitu na nyasi. Uhaba huo ni sababu ya kulithamini, hasa ikikumbukwa kwamba sehemu kubwa ya mimea ya vilele vya Afrika haipatikani kwingineko duniani.

Ndugu wa mbali na mapenzi ya watunza bustani

Umbo la takia limezuka mara nyingi, katika familia za mimea zisizo na undugu wa karibu, popote penye baridi, upepo na mawe. Katika Alpi na nchi za Aktiki ipo Silene acaulis, ya familia moja na Sagina, ambayo hujifunika maua ya waridi na ambayo umri wa baadhi ya matakia yake umekadiriwa kuzidi miaka 300. Nyuzilandi ina jenasi ya Raoulia, na katika Andes ya Peru, Bolivia, Chile na Argentina ipo yareta, Azorella compacta, mmea wa familia ya karoti unaokua kwa takriban sentimita moja na nusu kwa mwaka na kutandaa juu ya miamba mizima. Historia ya yareta ni onyo kwa nchi zote zenye mimea ya takia: kwa kuwa ina utomvu unaowaka vizuri, katika karne ya 19 na ya 20 ilichimbwa kwa wingi kuwa kuni za migodi na za treni, na kilichojengwa kwa mamia ya miaka kikateketea katika muda mfupi.

Ulaya nako upendo wa mimea hii ulizaa sanaa kamili. Bustani ya mawe ya Kew, jijini London, ilijengwa mwaka 1882, na mwaka 1907 Mwingereza Reginald Farrer alichapisha kitabu cha My Rock Garden, kilichowafundisha wengi kuyapanga mawe kama yanavyokaa mlimani badala ya kuyarundika. Tatizo lililowasumbua watunza bustani tangu wakati huo ni kwamba mmea wa kilele haudhuriki sana kwa baridi, bali huangamia kwa joto lisilo na upepo, kwa maji yanayotuama mizizini na kwa giza refu la kipupwe. Mwaka 2006 bustani hiyo ya Kew ilifungua jumba la kioo lililobuniwa mahususi kwa mimea ya milimani, ambalo hupitisha hewa katika njia zilizo chini ya ardhi ili ipoe kabla ya kuifikia mimea. Kinachohitaji jumba la aina hiyo huko London hutolewa bure na upepo wa usiku juu ya Chogoria.

Ipo hata hivyo spishi moja inayounganisha moja kwa moja Mlima Kenya na bustani za mawe za Ulaya, nayo ni Arabis alpina. Mmea huu wa familia ya kabeji na sukuma wiki, wenye maua meupe ya petali nne, hutandaa kuwa mkeka wa majani juu ya mawe, na umepandwa katika bustani za Ulaya kwa muda mrefu. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asili yake ni Asia Ndogo, eneo la Uturuki ya leo, na kwamba kutoka huko ulienea kwa nyakati tofauti kuelekea Ulaya na kuelekea nyanda za juu za Afrika. Mlimani, Arabis ni miongoni mwa watangulizi. Mtafiti wa Kijapani Kazuharu Mizuno, aliyefuatilia kwa miaka mingi kurudi nyuma kwa Barafuto la Tyndall, yaani mto wa barafu unaotambaa bondeni polepole, alionyesha kwamba mara ardhi inapoachwa wazi, Senecio keniophytum hutangulia kuimiliki, na Arabis alpina, kuvumwani na nyasi chache huandamana nayo.

Utangulizi huo una umuhimu unaozidi uzuri wa maua. Mwaka 1899, Halford Mackinder na waongozaji wake César Ollier na Joseph Brocherel walipokifikia kilele cha Batian kwa mara ya kwanza katika historia iliyoandikwa, Mlima Kenya ulikuwa na barafuto 18. Nyingi ya hizo zimetoweka, na Barafuto la Lewis, lililokuwa kubwa kuliko yote, limebaki kipande cha lilivyokuwa. Kila mwaka barafu inapoondoka huacha vifusi na changarawe tupu, na mimea midogo ndiyo inayoanza kuigeuza changarawe hiyo kuwa udongo.

Kwa nini using'olewe

Kisheria jambo hili halina utata. Ukanda wote wa juu wa mlima umo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1949 na kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaihesabu mimea ya asili kuwa sehemu ya uhai wa porini unaolindwa. Anayetaka kuchukua sampuli kwa ajili ya utafiti hulazimika kuomba kibali, na sampuli za aina hiyo ndizo zilizojaza rafu za Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Sababu ya kimaumbile ina nguvu hata kuliko ya kisheria. Anayeng'oa takia huacha nyuma nusu ya mmea, kwa sababu udongo ulio chini yake, mboji iliyo ndani yake na joto lililohifadhiwa humo ni viungo vyake sawa na mizizi na majani. Mmea uliobaki ukipelekwa mji wa Meru, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, au Embu, ulio chini kidogo zaidi, haupati usiku wa kuganda wala upepo wa mlimani. Mboji yake hubaki na unyevu wa vuguvugu, nao huanza kuoza kuanzia katikati. Hata kuukanyaga kunatosha kuudhuru, kwani uso uliopasuka huingiza upepo na sakitu ndani, na pengo hilo hupanuka kila usiku. Wapandaji wanaoacha njia iliyozoeleka kukwepa matope ya Sirimon au ya bonde la Gorges huharibu kwa hatua chache kilichochukua miaka mingi kujengeka. Moto nao, kama ule wa mwaka 2012 na wa mwaka 2019 uliounguza maeneo mapana ya vichaka vya mlimani, huzidisha eneo la udongo ulio wazi.

Kwa wakazi wa miteremko ya mashariki, jambo hili linahusu pia maji. Mto Nithi hupokea maji ya Ziwa Michaelson lililo katika bonde la Gorges, Kathita hupita mjini Meru, na Rupingazi hushuka karibu na mji wa Embu hadi kuingia Thiba, ambayo maji yake hufika katika bwawa la Kamburu lenye mitambo ya kuzalisha umeme. Takia moja halibadilishi kina cha mto, lakini uoto wa juu kwa ujumla wake, kuanzia nyasi za mafungu hadi kuvumwani, ndio unaozuia mvua isiubebe udongo wa vyanzo vya mito hiyo, na uoto huo hauna sehemu isiyo na kazi.

Bustani ya mawe ya nyanda za Meru na Embu

Anayependa uzuri wa takia anaweza kuchukua kutoka mlimani kanuni zake bila kuchukua mmea wenyewe. Kanuni ya kwanza ni kupitisha maji: bustani ijengwe kwenye mteremko, juu ya tabaka la mawe makubwa, kisha kokoto, kisha mchanganyiko wa mchanga mkubwa na udongo mchache, kwa kuwa udongo mwekundu wa mashamba ya chai na kahawa, pamoja na rutuba yake yote, hushika maji kupita kiasi kwa mimea ya mawe. Kanuni ya pili ni kuyazika mawe walau theluthi moja, yakiegemea mteremko, ili yapeleke maji ya mvua mizizini na kuiwekea kivuli cha ubaridi. Kanuni ya tatu ni kufunika uso wa udongo kwa changarawe, jambo ambalo huzuia magugu, huilinda shingo ya mmea isioze na huiga kwa karibu mahali takia linapozaliwa.

Kuhusu mimea ya kupanda, upande huu wa Kenya umejaliwa. Kwenye maeneo makavu ya Mbeere na Tharaka huota mishubiri ya asili, na katika miamba ya nyanda za juu hupatikana jamaa za Crassula, Sedum na Kalanchoe, zenye majani manene yanayohifadhi maji na ambazo nyingi huzaliana kwa kipande cha tawi tu. Hiyo ndiyo mimea inayostahili kutafutwa katika vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara, na si kung'olewa porini. Mwenye kutaka zulia la kijani kati ya mawe, katika sehemu zenye ubaridi zilizo karibu na msitu, anaweza kujaribu Sagina subulata, ndugu wa Ulaya wa sagina ya mlimani, ambayo imezoea kutunzwa na watu kwa vizazi vingi.

Shule zilizo karibu na milango ya Sirimon na Chogoria, na zile zilizo karibu na msitu wa Irangi katika Kaunti ya Embu, ziko mahali panapofaa kuliko popote nchini kufundisha somo hili, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuiona bustani ya mawe uani kwake na, akipata fursa ya kupanda, akauona mfano wake wa asili kileleni. Waongozaji na wapagazi nao, ambao huwafikia wageni wengi kuliko afisa au kitabu chochote, wakiongeza katika maelezo yao jina la Sagina baada ya majina ya lobelia na senesio, na kueleza kwa nini wageni wanaombwa wasitoke njiani, watakuwa wamefanya kazi ya uhifadhi isiyohitaji bajeti. Mmea huu hauombi kumwagiliwa, kuwekewa mbolea wala kuhamishwa. Unaomba kuachwa mahali pake, na kwa mlima unaopoteza barafu yake kwa kasi hii, kuuachia mahali hapo ni miongoni mwa mambo machache ya uhifadhi ambayo kila anayeupanda anaweza kuyatimiza kikamilifu kwa miguu yake mwenyewe.